Je, wajua Kenya kuna sheria inayozuia kodi ya nyumba kupandishwa ovyo? Mbona basi kodi yako imepanda?

Karatasi hubandikwa kwenye geti la ploti kule Kaptembwo, Nakuru, siku chache kabla ya mwezi kuisha: kuanzia mwezi ujao kodi imeongezeka kwa shilingi 500, asiyeweza aachie nyumba. Hakuna jina la mwenye ploti, ni namba ya simu ya keateka tu, yule msimamizi wa ploti. Wapangaji wanasoma, wanaguna, na mmoja lazima aulize swali ambalo huulizwa kutoka Rhonda hapo hapo Nakuru hadi Nyalenda kule Kisumu: kwani nchi hii haina sheria?

Inayo, tena imeutangulia uhuru wa nchi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ni ya mwaka 1959. Mwenye nyumba iliyo chini ya sheria hiyo hawezi kupandisha kodi anavyotaka. Hawezi kumtoa mpangaji bila idhini ya baraza maalumu linalosikiliza kesi za kodi. Hawezi hata kumsumbua kusudi ahame mwenyewe au akubali kulipa zaidi. Zile mbinu tunazozijua, za kung'oa mlango, kutoa bati la paa au kufunga maji, zimekatazwa. Na kumtoza mpangaji mpya pesa ya pembeni ili tu akabidhiwe ufunguo pia ni kosa.

Kilichoifanya isijulikane ni kipengele kimoja kifupi. Inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Hii "kodi ya kiwango" ina hesabu yake, na inafaa kuifuata polepole. Kama nyumba ilikuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya kiwango ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Kama haikuwa imepangishwa, au haikuwepo kabisa, baraza linajumlisha gharama ya ujenzi na thamani ya kiwanja, kisha linaweka kodi ya mwezi kati ya asilimia 1.25 na 1.5 ya jumla hiyo. Sasa rudi nyuma: shilingi 2,500 ni asilimia 1.25 ya laki mbili. Yaani nyumba ikigharimu zaidi ya laki mbili pamoja na kiwanja chake, imeshatoka nje ya ulinzi. Ukipata nyumba ya mawe kwa laki mbili Kiamunyi au Free Area, kiwanja kikiwemo, tafadhali niarifu.

Kikomo hicho cha 2,500 kiliandikwa kwa shilingi, hakikufungwa kwenye gharama ya maisha. Bei ya saruji, nondo na viwanja imekwenda zake, kikomo kimebaki pale pale. Mswada wa mwaka 2021 wa wenye nyumba na wapangaji ulinuia kuunganisha sheria hii na nyingine mbili za upangaji ziwe kitu kimoja. Haukufika mwisho.

Mbona serikali inaweza kuingilia bei ya unga na isiguse kodi? Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilishushwa kwa mwezi mmoja kutoka kama shilingi 205 hadi 100. Iliwezekana kwa sababu unga hupitia kwa wenye viwanda wanaojulikana. Unakaa nao mezani, unaahidi kuwafidia tofauti. Septemba mwaka huo serikali mpya iliachana na ruzuku ya unga ikahamia shambani, mfuko wa mbolea ukashushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Hapo pia kuna ghala, kuna foleni, kuna orodha ya wakulima. Kodi ya nyumba haina mlango wa namna hiyo. Iko mikononi mwa watu wengi mno, kuanzia tajiri mwenye ghorofa hadi mwalimu mstaafu wa Njoro aliyejenga vyumba sita kwa mkopo wa sako na bado anaulipa. Ukimbana huyo wa pili, hatajenga cha saba. Hiyo ni hoja ya kweli. Lakini tusidanganyane: wanasiasa wengi nao wana ploti.

Kwa hiyo serikali imechagua kujenga badala ya kubana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Anayepata shilingi 30,000 anakatwa 450 kila mwezi. Nakuru ilipata mradi wa Bondeni, nyumba 605. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki tano na nusu mjini humo, na hiyo ilikuwa kabla haujapewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Mpangaji wa Kaptembwo mwenye payslipu basi anachangia nyumba ambayo huenda asiipate, huku akiongezewa 500 pale anapoishi.

Kuna wanaosema wageni ndio wamepandisha kodi. Nakuru imezoea kupokea watu. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, waliofurushwa walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Serikali ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga upya, na wapo waliochanga zile elfu kumi wakanunua ardhi kwa pamoja kule Maai Mahiu. Baadaye Ziwa Nakuru lilifurika likafukuza watu mtaani Mwariki. Familia za Sudan Kusini nazo zimepanga nyumba Nakuru, Eldoret na Kitale kwa miaka mingi. Mpango wa serikali kuhusu wakimbizi, ule uitwao Shirika uliozinduliwa Machi 2025, unalenga hasa kambi za Kakuma na Dadaab. Aliye mjini anajitafutia chumba kama wewe, na bei anaikuta imeshatajwa.

Turudi kwenye ile 2,500, maana haijafa kabisa. Vyumba vya mabati vya chini ya hapo bado vipo Rhonda, vipo Obunga kule Kisumu. Wanaoishi humo ndio wanaolindwa, na ndio ambao hawajawahi kuisikia sheria hiyo. Ukiwa mmoja wao, tunza ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi na upige picha ile karatasi ya getini kabla haijabanduliwa.

Halafu soma tena maneno ya sheria: kipimo ni kodi ya kiwango, si bei aliyoitaja keateka. Chumba cha mabati kilichogharimu laki moja na nusu, kiwanja chake kikiwemo, kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,250, hata kama wewe unalipa 3,500. Hesabu hiyo ni kazi ya baraza, lakini mpangaji ndiye wa kwenda kuiomba.