Ati kimbunga hakifiki Tanzania?
Kila tahadhari inapotolewa, wapo wanaosema tuko karibu mno na ikweta, kimbunga hakitufikii. Nusu yake ni kweli. Upepo hujisokota kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo ni hafifu mno kati ya nyuzi 0, yaani ikweta yenyewe, na nyuzi 5 hivi za latitudo. Lakini Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini, Lindi nyuzi 10. Huko kimbunga ni nadra, si muhali: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatua Mafia.

Hidaya kilipungua nguvu, mvua yake haikupungua. Mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, Kilwa. Mimi nayahofia maji kuliko upepo. Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza, wavuvi wapandishe vyombo nchi kavu mapema, na wakaao bondeni wahamie mwinukoni kabla ya giza. Usivuke maji yanayokimbia, hata ya magotini. Upepo mkali ukitulia ghafla, kaa ndani: huenda ni jicho la kimbunga, yaani kitovu chake kitulivu, linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.