Babu Alikuwa Keya: Mtafute kwa Namba Kabla ya Jina

Familia nyingi za Moshi na Arusha zina babu aliyekwenda "vita vya Hitla" akiwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, na habari zake huishia hapo. Mjukuu anayetaka kujua zaidi huanza kwa kuandika jina la ukoo mtandaoni, akakwama papo hapo. Karani wa jeshi aliandika alichosikia: Massawe akawa Masawe, au ukoo ukaachwa kabisa, likabaki jina la mtu na la babaye likiungwa kwa "bin". Namba ya askari haina majina mawili.

Namba hiyo iko kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, pamoja na cheo, kikosi, na tarehe za kuingia na kutoka. Uliza sanduku la bati la bibi, uliza Biblia ya zamani. Ukikipata, kikunjue taratibu, kipige picha mbele na nyuma karibu na dirisha, bila flashi. Usikipeleke kufanyiwa laminesheni. Joto na gundi huimaliza karatasi kuukuu, na plastiki ile haibanduki tena.

Cheti kikikosekana, soma medali. Nyota za ncha sita za vita vya 1939–1945 Waingereza walizitoa bila kuchonga jina, kwa hiyo usihangaike kulisaka mgongoni. Tazama utepe. Kama umepauka, geuza sehemu iliyokuwa imefichwa nyuma ya pini, rangi huwa imebaki pale. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, buluu nzito upande mmoja na buluu ya anga upande wa pili, ni Africa Star. Kwa keya maana yake kwa kawaida ni Uhabeshi au Somalia dhidi ya Waitaliano, 1940–1941. Wenye nyekundu pana katikati, buluu nzito pembeni na uzi wa rangi ya chungwa kila upande ni Burma Star, ile "Bama" ya wazee, yaani Burma, leo Myanmar. Madagaska ya 1942 haikuwa na nyota yake, ndiyo maana babu aliyepigana huko huonekana kama alitunga.

Daftari la ubatizo la parokia au usharika nalo husema. Pengo la miaka minne kati ya mtoto wa pili na wa tatu si ushahidi, ila linakuonyesha pa kuuliza.

Orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ni bure mtandaoni, lakini kwa vita hivi ina waliokufa tu, kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu aliyerudi kulima kahawa hayumo, na kutokuwamo hakumaanishi hakwenda. Kwa aliyekufa, acha nafasi ya jina wazi, jaza namba. Wasio na kaburi linalojulikana Burma wameandikwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Taukkyan, huko huko Burma. Waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, tazama mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Mwisho kabisa ndiyo shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, zilizoko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: fungu la WO 169 kwa Uhabeshi, WO 172 kwa Burma. Askari wa kawaida ni nadra kutajwa humo, maofisa ndio wanaotajwa. Kwa hiyo bila kikosi usilipie nakala. Batalioni za Tanganyika zilibeba tarakimu ya 6, kwa mfano ya 6, ya 26, ya 36. Hizi mbili za mwisho zilikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw kwenye matope ya masika hadi Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944.