Kuingiza data mara mbili: maana yake na mipaka yake

Kuingiza data mara mbili ni pale fomu moja ya utafiti inapoingizwa kwenye kompyuta na makarani wawili, kila mmoja kivyake, bila kuchungulia kazi ya mwenzake. Kisha programu hulinganisha na kuonyesha kila walipotofautiana. Hapo hapabahatishwi, wala hapendelewi karani mzoefu: hutafutwa fomu ya karatasi, ikasomwa upya, na kilichoandikwa mle ndicho kinachoshikwa.

Chukua utafiti wa kichocho katika skuli za Pemba. Mkojo wa mtoto, mililita 10, unachujwa, kisha mayai ya minyoo ya kichocho yanahesabiwa kwa hadubini. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mayai 1 hadi 49 ni maambukizi mepesi. Kuanzia 50 ni makali. Fomu inasema 47. Karani wa kwanza kaandika 47. Wa pili vidole vimemteleza, kaandika 74. Angekuwa peke yake, mtoto yule angeingia kundi la wenye maambukizi makali na asishtuke mtu, maana 74 haina ajabu yoyote. Ndiyo maana naitetea njia hii hata watu wakilalamika kuwa inakula muda.

Lakini hukamata makosa ya vidole tu. Kosa lililozaliwa kwenye fomu huwapita makarani wote wawili, na wakaafikiana nalo. Kwetu sisi kubwa ni la saa. Mama wa Micheweni anasema mwanawe kanywa dawa ya utafiti saa tatu asubuhi. Msaili anaandika 3:00, na fomu ilitaka 09:00. Makarani wanaingiza 3:00, programu inaona sawa, na kwenye kumbukumbu mtoto keshanywa dawa usiku wa manane! Kosa hili dawa yake iko pale pale barazani: msaili amsomee mama jibu aliloandika, kwa saa zetu, kabla hajaaga.

Pengo nalo, yaani nafasi isiyo na jibu kwenye fomu, si sifuri. Sifuri maana yake mayai yalitafutwa yasionekane. Pasipopatikana mkojo, paandikwe hivyo.

Na kosa likigunduliwa kwenye karatasi halipakwi wino mweupe. Hupigwa mstari mmoja, namba ya mwanzo ibaki ikisomeka, iliyo sahihi iandikwe pembeni, na msahihishaji atie saini yake fupi na tarehe: ya siku aliyosahihisha, si ya siku ya mahojiano.