Galaksi "iliyokufa" haijatoweka: ufafanuzi kuhusu GS-10578

Tangu darubini ya anga ya James Webb ianze kutoa picha Julai 2022, swali moja hatuachi kuulizwa: galaksi (mkusanyiko mkubwa wa nyota) "iliyokufa", yaani GS-10578, imekwenda wapi? Haijaenda popote. GS-10578 ina uzito wa jua letu mara bilioni 200 hivi, na nyota zake zinawaka. Kilichokoma ni kuzaliwa kwa nyota mpya, tena mapema mno: kwa kuwa mwanga wake huchukua muda mrefu mno kutufikia, tunaiona kama ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi.

Na tafadhali, shimo jeusi la galaksi hiyo (kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki) halikuzimeza nyota zake. Hili tumeshalieleza mara nyingi. Nyota huzaliwa kwa gesi baridi, na gesi hiyo ndiyo iliyofukuzwa na shimo jeusi. Kwa kuwa haing'ai, ilitambuliwa kwa kivuli chake. Mwanga wa nyota zilizo nyuma yake ukitandazwa rangi kwa rangi, penye rangi ya sodiamu (ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani) pana pengo, nalo limesogea upande wa bluu. Maana yake gesi inatoka kwenye galaksi ikija upande wetu, kwa kasi ya kilomita 1,000 hivi kwa sekunde. Inayokwenda hivyo hairudi.

Baadaye darubini za redio za ALMA, zilizoko Chile, ziliitazama galaksi hiyo kwa karibu saa 7 zikitafuta kaboni monoksaidi, dalili ya gesi baridi. Hazikuipata. Ajabu ni kwamba galaksi yenyewe inazunguka kwa utulivu, haina dalili ya kugongwa na galaksi nyingine. Jiko halikuvunjwa, mkaa ndio haukuongezwa, kwa sababu shimo jeusi liliizuia gesi mpya kuingia, tena na tena.

Kuhusu malalamiko kwamba data "inafichwa": maombi ya kutumia Webb hupokelewa kwa mwaka, na wakaguzi hawaonyeshwi majina ya waombaji. Ombi linalomtambulisha mwombaji, hata kwa kusema "utafiti wetu uliopita", linaweza kuenguliwa bila kujali ubora wake. Aliyekubaliwa anaweza kupewa hadi miezi 12 ya kutumia data peke yake, ingawa miradi mingine hutoa data papo hapo. Muda huo ukiisha, data hufunguliwa kwa yeyote, bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kulipima mwenyewe pengo la sodiamu.