Mionzi ya tiba haibaki mwilini: umeme na sumaku vinavyoendesha elektroni

Wagonjwa wengi wanaokuja Kampala kupigwa mionzi, wawe wametoka Kasese, Arua au ng'ambo ya mpaka wa Kongo, huuliza jambo lile lile kabla ya kupanda kitandani: nikirudi nyumbani, nitaweza kumpakata mjukuu wangu? Wanahofia kwamba mionzi itabaki mwilini na kuwadhuru walio karibu nao. Kwa tiba hii inayotolewa na mashine kutoka nje ya mwili, jibu ni ndiyo, mpakate siku hiyo hiyo. Lakini jibu fupi haliondoi hofu. Sisi tunaoshughulika na fizikia ya tiba tuna wajibu wa kueleza kinachotokea ndani ya mashine ile.

Sehemu ya hofu hii ina chimbuko lake. Kwa miaka mingi Uganda ilitegemea kobalti-60, metali ambayo hutoa mionzi yenyewe usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Kobalti haizimwi. Hufichwa ndani ya ngao nene na kufunuliwa wakati wa tiba tu. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti nchini ilipoharibika, kuna waliolazimika kusafiri hadi Nairobi kutibiwa. Ikaja kobalti mpya, kisha zikafuata mashine za aina nyingine kabisa, ambazo mafundi huziita linaki.

Linaki haina kitu chochote kinachotoa mionzi chenyewe. Inachotumia ni elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, zinazochomoka kwenye kipande cha metali kilichopashwa moto. Chembe yenye chaji ikiingia kwenye uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inafanya kazi, husukumwa: iliyo hasi hukimbilia upande chanya, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyojikusanyia nishati. Tatizo ni kwamba tiba inahitaji elektroni zenye nishati ya elektronivolti milioni 6 au zaidi; elektronivolti moja ni nishati ambayo elektroni hupata ikisukumwa na umeme wa volti moja. Kuzipa nishati hiyo kwa mkupuo mmoja kungetaka umeme wa volti milioni 6, na kuuzuia umeme wa namna hiyo usiruke cheche ni kazi ngumu mno.

Ndiyo sababu elektroni hupitishwa ndani ya bomba la shaba lililonyonywa hewa yote, pamoja na mawimbi ya maikrowevu yanayogeuka mara kama bilioni 3 kwa sekunde. Bomba limegawanywa katika vyumba vidogo vidogo. Elektroni inayofika chumbani kwa wakati unaofaa hukuta uga wa umeme umeelekea upande wa kuisukuma, ikasukumwa, ikaingia chumba kinachofuata na kusukumwa tena. Ikifikisha elektronivolti milioni 6, mwendo wake ni asilimia 99.7 ya mwendo wa nuru.

Sumaku kazi yake ni nyingine, na hapa hata wanafunzi wazuri wa sekondari huteleza. Uga wa sumaku hauigusi chembe iliyotulia. Inayotembea ndiyo hushikwa, tena kwa ubavuni: nguvu inayoivuta daima huikata njia yake kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa kuwa haisukumwi mbele wala kuvutwa nyuma, kasi yake haiongezeki wala haipungui, ila njia hupinda. Jiwe lililofungwa kamba na kuzungushwa kichwani huvutwa hivyo hivyo. Umeme ndio unaoipa chembe nishati. Sumaku huigeuza tu.

Katika mashine kubwa, bomba la shaba limelala ilhali mgonjwa yuko chini yake, hivyo elektroni lazima zielekezwe chini. Kona ya nyuzi 90 ingetosha, lakini mashine nyingi huzizungusha nyuzi 270. Huo mzunguko mrefu unanipendeza sana, na sababu yake ni hii: elektroni hazitoki na nishati sawasawa. Yenye nishati zaidi hupinda kwa duara kubwa, yenye nishati pungufu kwa duara dogo, na kwenye kona fupi zingetawanyika. Sumaku ikipangwa vizuri, mzunguko wa nyuzi 270 huzirudisha zote pamoja hadi zikatua mahali pamoja padogo. Kwenye uga wa tesla 0.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), elektroni ya elektronivolti milioni 10 huchora duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 7. Uga huo ni zaidi ya mara 10,000 ya ule wa dunia unaogeuza dira yako hapa Uganda.

Mwisho wa safari elektroni hujigonga kwenye metali nzito iitwayo tungsteni, na breki hiyo ya ghafla ndiyo huzaa eksirei, mionzi yenyewe inayotibu. Eksirei haina chaji, kwa hiyo hakuna sumaku wala umeme wa kuipinda. Huwekewa mipaka kwa vibamba vya metali nzito vinavyofuata umbo la uvimbe, na ndiyo maana tunakusihi utulie kitandani.

Mawimbi yakikatwa, elektroni hazisukumwi tena, na eksirei hukoma papo hapo. Zile zilizopita mwilini zimeshaharibu chembe hai za saratani, lakini hazikuigeuza nyama yako kuwa chanzo cha mionzi.

Mashine ikisimama katikati ya tiba, usishtuke. Ina vipimo vinavyokagua miale muda wote. Elektroni zikibadilika nishati kupita kile ambacho sumaku inaweza kurekebisha, hutoka njiani, miale huenda upande, na mashine hujizima yenyewe. Kiasi cha mionzi ulichokwisha kupata huwa kimerekodiwa. Fundi atarekebisha, kisha utamaliziwa kile kilichobaki, bila kuanza upya.