Mstari wa pili kwenye kipimo cha mimba: maswali na majibu kuhusu virusi vilivyomo ndani ya vinasaba vyetu

Mwambie mtu kwamba asilimia 8 hivi ya vinasaba vyake imetokana na virusi, na swali lake la kwanza litakuwa kama anaumwa. Hofu hiyo naielewa. Kwetu neno virusi huja pamoja na UKIMWI, homa ya ini na korona, kwa hiyo si ajabu mtu akashtuka. Nimejibu hapa maswali yanayowagusa zaidi wajawazito na watu wanaoishi na VVU, maana wao ndio wanaostahili kulielewa jambo hili kuliko wote.

Kwa hiyo nina virusi mwilini?

Huumwi. Vinasaba ni maelekezo ya kurithi yaliyomo katika kiini cha karibu kila seli, herufi kama bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi. Sehemu inayotoa maelekezo ya kutengeneza protini haifiki hata asilimia 2. Karibu nusu ya vinasaba vyote ni vipande vilivyowahi kujinakili na kuhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na humo ndimo ilimo hiyo asilimia 8 ya virusi vya kale. Karibu vyote ni mabaki tu. Makosa ya kunakili ya mamilioni ya miaka yamevikatakata hata haviwezi kumwambukiza mtu yeyote.

Viliingiaje?

Viko virusi vya jamii inayoitwa retrovirusi. Virusi hivi huja na kimeng'enya kinachogeuza maelekezo yao yawe katika umbo la vinasaba vyetu, kisha vinajichomeka katikati ya vinasaba vya seli. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, na mwaka 1975 wakawa miongoni mwa walioshinda Tuzo ya Nobel.

Kirusi kikijichomeka kwenye seli ya damu, mambo yanaishia kwa mtu huyohuyo. Lakini kikiingia kwenye yai la mama au mbegu ya baba, na yai hilo au mbegu hiyo ikazaa mtoto, mtoto atakuwa nacho katika kila seli yake na atawarithisha wanawe. Ndivyo wahenga wetu wa mbali, wakiwemo waliotangulia kabla ya binadamu kuwa binadamu, walivyotuachia mabaki haya.

VVU ni retrovirusi. Je, mwanangu atavirithi?

Hapana, na jambo hili nataka lieleweke vizuri. VVU hujichomeka kwenye seli nyeupe za kinga, siyo kwenye mayai wala mbegu za uzazi. Mtoto anaweza kuambukizwa na mama yake akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au anaponyonya, na maambukizi hayo yanazuilika: mama ameze ARV kila siku bila kuruka, na mtoto apewe dawa ya kinga tangu anapozaliwa.

Ukilijua hili la kujichomeka, utaelewa pia mambo mawili yanayosumbua watu wengi kliniki. La kwanza ni kwa nini ARV humezwa maisha yote. Dawa huzuia virusi kuzaliana, lakini haiwezi kuking'oa kirusi kilichokwisha kujiandika ndani ya vinasaba vya seli iliyolala. Mtu akiacha dawa, seli hizo zikiamka, virusi hurudi. Kwa hiyo anayeambiwa "virusi havionekani kwenye damu" aendelee kumeza dawa zake vilevile.

La pili ni kile kipimo cha mtoto mchanga. Muuguzi humchoma mtoto kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi yenye viduara na kuiacha ikauke. Kwa nini asitumie kile kipimo cha haraka cha watu wazima? Kwa sababu kile hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, na mtoto huyu ana kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo la nyuma. Maabara inapaswa kutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Kondo la nyuma linahusikaje na virusi vya kale?

Hapa ndipo penye ajabu kubwa. Mwanamke aliyechelewa kuona siku zake hununua kipimo cha mkojo na kusubiri. Mstari wa kwanza huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa pili hutokea kwa sababu ya homoni iitwayo hCG, na homoni hiyo hutengenezwa na utando wa nje wa kondo linaloanza kuota.

Utando huo hauna mfano wake mwilini. Siku ya sita au ya saba baada ya yai kurutubishwa, mimba hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Seli zake za nje huanza kuungana, kuta kati yake zikatoweka, ukabaki utando mmoja wenye viini vingi na usio na mwanya hata mmoja. Hewa na chakula vinapita, lakini seli za kinga za mama hazipati pa kupenya. Mimba ikikomaa, utando huo ukikunjuliwa wote hufikia mita za mraba 12 hivi, sawa na sakafu ya chumba cha mita 3 kwa 4.

Protini inayoziunganisha seli hizo inaitwa sinsitini, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba jeni yake, yaani kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kuitengeneza, ilitoka kwa retrovirusi ya kale. Kirusi kiliitumia protini hiyo kujigandisha kwenye seli ili kiingie ndani. Kondo limeigeuzia kazi: seli inagandamana na seli mwenzake. Binadamu tuna sinsitini mbili, kila moja kutoka kwa kirusi chake.

Je, tungeweza kuishi bila hiyo? Mwaka 2009 timu ya Thierry Heidmann huko Ufaransa iliondoa jeni moja ya aina hii kwa panya. Vijusi vilikufa tumboni katikati ya mimba. Na panya hawakuirithi kutoka kwa babu mmoja na sisi. Walipata yao kutoka kwa kirusi kingine kabisa. Paka na mbwa wana yao, sungura wana yao, ng'ombe na kondoo wana yao.

Mkunga anapopokea kondo huliweka kwenye trei, akaligeuza upande uliokuwa umeshikana na mama, na kukagua vipande vyake vyenye rangi ya maini kimoja baada ya kingine, asije akaacha kitu ndani kikaleta damu nyingi. Familia nyingi kisha hulizika nyumbani kwa heshima. Nami naona linastahili heshima hiyo.

Sinsitini ina uhusiano na kifafa cha mimba?

Kwenye makondo ya akina mama waliopata shinikizo la juu la damu linalotangulia kifafa cha mimba, watafiti wameona sinsitini ikiwa kidogo kuliko kawaida. Hakuna kipimo wala dawa ya kununua kutokana na hilo. Kinachookoa ni kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila unapohudhuria kliniki. Ukiumwa kichwa sana, ukaona maluweluwe au ukavimba uso, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Vile vipande vinavyohama, havina madhara?

Wakati mwingine vinadhuru. Barbara McClintock aliviona kwanza kwenye punje za mahindi zenye madoadoa, miaka ya 1940, na akapewa Nobel mwaka 1983. Mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake walipima wagonjwa 240 wa himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, wakakuta wawili ambao kipande kimoja kimehamia katikati ya jeni ya protini ya kugandisha damu. Wazazi wao hawakuwa nacho mahali hapo. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo hakukosea kitu, wala hakurogwa.

Mambo haya yamekwisha au yanaendelea?

Yanaendelea, na yanaonekana kwa macho kwa koala, wanyama wa Australia wanaoishi mitini. Retrovirusi yao imo katikati ya safari ya kuingia kwenye vinasaba. Kaskazini, Queensland, koala huzaliwa nayo. Kusini wako wengi wasiokuwa na kirusi kizima. Wanaoibeba hupata saratani za damu kwa wingi, na wakati huohuo baadhi ya nakala zake ndani ya vinasaba vyao zimekwisha kuvunjika, haziwezi tena kutengeneza kirusi.