Ushikaji wa barabara: kazi ya mchezo wa gari ambayo picha haionyeshi

Kwenye vyumba vya michezo vya Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Kampemba, ubishi juu ya michezo ya mbio za magari huanzia machoni. Mmoja ameweka Gran Turismo 7 kwenye PS5, mwingine anatoa simu kuonyesha Forza Motorsport ya Xbox, na hesabu inaanza: mwanga juu ya boneti, matone kwenye kioo, miti, watu kwenye majukwaa. "Yaya, angalia vile inang'aa!" Mwenye picha safi zaidi ndiye anayeondoka na ushindi. Ni mara chache mtu anauliza swali la pili: gari hilo likiingia kona na mwendo uliozidi, linafanya nini?

Swali hilo ndilo linaloutenganisha mchezo wa mbio wa kujifurahisha na ule unaoitwa simulesheni, yaani unaojaribu kuiga gari la kweli. Jibu lake ni ushikaji wa barabara, yaani namna gari la mchezo linavyopokea amri ya mikono yako na namna tairi zake zinavyoing'ang'ania njia au kuiachia.

Picha ni kile konsoli, yaani mashine ya michezo kama PS5 au Xbox, inachochora. Ushikaji ni kile inachokokotoa kabla ya kuchora. Katika kila kipande kidogo cha sekunde programu inajiuliza: gurudumu hili limebeba uzito kiasi gani? Limegeuzwa pembe ipi? Chini yake kuna lami kavu, lami iliyolowa, au majani? Breki imebanwa mpaka wapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua gari litakuwa wapi na limeelekea upande gani. Uchoraji unafuata.

Kwamba kazi hizi ni mbili, Gran Turismo 7 yenyewe inathibitisha. Ilitoka Machi 2022 kwa PS4 na PS5 kwa pamoja. Ziweke konsoli hizo mbili ubavu kwa ubavu na utaona tofauti ya picha bila kuambiwa. Lakini mtu wa PS4 anashindana mtandaoni na mtu wa PS5 katika mbio moja, kwenye njia moja. Kama gari la mmoja lingeshika barabara kuliko la mwenzake, mashindano hayo yasingekuwa na maana.

Sasa twende kwenye tairi, maana mambo yote yanapita hapo. Gari dogo lenye uzito wa tani moja na zaidi linagusa lami kwa vipande vinne tu, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kukanyaga mafuta, kufunga breki, kukata kona, vyote vinategemea vipande hivyo. Na nguvu ya tairi ina kikomo, kama pesa ya mwezi: ya kodi ya nyumba ikishatoka, ya soko imepungua. Dereva akiimaliza yote kwenye breki, ya kugeuzia haipo. Anazungusha usukani, gari linakwenda moja kwa moja. Simulesheni nzuri itakufanyia hivyo hivyo bila huruma. Mchezo wa kujifurahisha utakuacha ubane breki mpaka mwisho na ugeuke papo hapo, kana kwamba breki na usukani havijuani.

Halafu kuna uzito. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Pua inainama, tairi za mbele zinagandamizwa na kushika vizuri zaidi, za nyuma zinakuwa nyepesi. Dereva hodari anaitumia hali hiyo: anaachia breki kidogo kidogo huku ameshaanza kuingia kona, ili uzito ubaki mbele na pua ikubali kugeuka. Akiachia ghafla, pua inainuka na gari linatanuka kuelekea nje. Akibana kupita kiasi, mkia mwepesi unaweza kumponyoka. Yote hayo yanatokea katika sekunde moja au mbili, na kwangu mimi sekunde hizo zinasema mengi juu ya mchezo kuliko saa nzima ya kutazama mandhari yake.

Jambo la tatu ni gumu kidogo, lakini ndilo kiini. Tairi linalokata kona halielekei sawasawa kule gari linakokwenda. Mpira unajipinda, na kati ya uelekeo wa gurudumu na uelekeo halisi wa mwendo inatokea pembe ndogo. Pembe inapokua, nguvu ya kushika inakua pamoja nayo, mpaka kufika kilele kwenye nyuzi chache tu. Ukivuka hapo nguvu inaanza kushuka na tairi linateleza. Dereva wa mbio anatumia siku yake yote jirani na kilele hicho. Wanaotengeneza michezo, wao, wanaumiza kichwa juu ya kinachofuata baada ya kilele: nguvu ishuke taratibu, au ikatike? Ikikatika mara moja, gari linaruka bila taarifa na mchezaji anasema mchezo huu ni mgumu, basi ndio wa kweli. Siamini hivyo. Gari la kweli, hasa lenye tairi za kawaida, humwonya dereva kabla ya kumtupa: tairi zinalia, usukani unakuwa mwepesi mikononi. Ugumu usio na onyo mara nyingi ni hesabu ambayo haijakamilika.

Forza Motorsport iliyotoka Oktoba 2023 inaeleweka vizuri ukiwa na haya akilini. Watengenezaji wake, Turn 10, walieleza kwamba katika matoleo ya nyuma kila tairi lilihesabiwa kuwa linagusa njia mahali pamoja. Katika toleo hili ni mahali panane, na hesabu inarudiwa mara 360 kwa sekunde. Kwa macho hutaona chochote. Kwa mikono, unapopanda ukingo wa kona na nusu tu ya tairi, gari linajibu kwa nusu ya tairi.

Dereva wa Lubumbashi analijua somo hili hata kama hajawahi kushika maneti, kile kidhibiti cha mchezo kinachoshikwa kwa mikono miwili. Mvua za kwanza, baada ya miezi ya kiangazi, zinaikuta lami ya njia ya Likasi imefunikwa na vumbi jekundu na mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye malori. Dakika za mwanzo ndizo za hatari. Mvua ikiendelea, njia inaoshwa na hali inakuwa afadhali, mpaka pale maji yanapoanza kusimama. Sasa uliza mchezo wako: mvua yake ni ya macho tu, au tairi nazo zinaijua?

Mwaka 2015 Forza Motorsport 6 ilileta madimbwi yenye kazi zote mbili. Yalionekana vizuri, na gari likiyaingia na mwendo mkubwa tairi zilielea juu ya maji na usukani ukakosa kazi. Wachezaji walijifunza dimbwi liko kona ipi na kulikwepa. Hapo picha na ushikaji vilisema neno moja, na nadhani hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote: jicho linakuwa na sababu ya kutazama.

DriveClub ya PS4 ilichukua njia nyingine. Ilitoka 2014, na mvua iliyoongezwa mwishoni mwa mwaka huo inapendeza hata leo. Matone kwenye kioo cha mbele yanasukumwa kulingana na mwendo na mageuko ya gari. Uendeshaji wake lakini uliwekwa katikati. Gari linasamehe, mkia ukitoka unarudi bila shida. Hilo si kosa, ni uamuzi. Kosa ni letu tunapoitazama mvua hiyo na kusema, "Huu mchezo ni wa kweli."

Upande wa pili iko Assetto Corsa, kazi ya Kunos Simulazioni ya Italia, iliyofika kwenye konsoli mwaka 2016. Haina mvua. Haina usiku. Mtu aliyezoea mwanga wa Gran Turismo ataiona kavu. Lakini njia zake nyingi zilipimwa kwa leza, na kwa hiyo matuta na mabonde madogo ya lami yamo ndani ya hesabu, hata yale ambayo kwenye ekrani hayaonekani. Kuna michezo inayokuchorea ufa mkubwa barabarani na gari likapita juu yake pasipo kutikisika; hapa ni kinyume, lami inaonekana laini na gari linakuambia siyo. Kwa yeyote anayepita kila siku kwenye mashimo ya mji huu na kuyajua kwa kiuno chake kabla ya kuyaona, Assetto Corsa ina utamu wake.

Na historia inaunga mkono. Gran Turismo ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1997 chini ya uongozi wa Kazunori Yamauchi, ukiitazama leo magari yake ni pembe tupu. Watu waliipenda kwa sababu gari la kuvutwa na tairi za mbele na lile la kusukumwa na za nyuma yalihitaji mikono tofauti. Miaka kadhaa baadaye, Nissan na Sony walianza kutafuta madereva wa kweli miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Mshindi wa kwanza, mwaka 2008, alikuwa Mhispania Lucas Ordóñez. Mwaka 2011 timu yake ilimaliza ya pili katika kundi la LMP2, moja ya madaraja ya magari yaliyotengenezwa kwa mbio tu, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Mafunzo ya barabarani yalihitajika, bila shaka. Lakini kuchaguliwa kwake kulianza na maneti na hesabu ya tairi.

Mahali pamoja picha na ushikaji havitenganishiki: idadi ya picha kwa sekunde. Gari lililo kwenye kilomita 200 kwa saa linakwenda karibu mita 56 kila sekunde. Mchezo ukichora picha 60 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine gari limesogea sentimita 93 hivi. Ukichora 30, limesogea zaidi ya mita moja na nusu, karibu mita mbili, na wewe hujaona kitu. Mkia unaanza kutoka katika nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana Gran Turismo 7 ilipotoka, ule mwanga wa kuakisi vitu kwa usahihi uliwekwa kwenye gereji na kwenye marudio ya mbio. Wakati wa kushindana, mwanga huo uliachwa, ili konsoli ibaki na nguvu ya kuchora picha 60. Mimi nakubaliana nao kabisa. Kama mchezo wako unatoa nafasi ya kuchagua kati ya ubora wa picha na wepesi, kwa mbio chagua wepesi.

Televisheni nayo inaingia hapa. Nyingi zinasafisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inachelewesha. Unageuza, gari linageuka baadaye kidogo, na lawama inaangukia mchezo. Tafuta kwenye mipangilio hali ya michezo na uiwashe kabla ya kuhukumu lolote.

Maneti pia yana lake. Kidole gumba kinasogeza kijiti kwa mwendo mfupi sana, wakati usukani wa kuchezea kama Logitech G29 unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Ili gari lisiyumbe ovyo, programu inapunguza ukali wa kidole chako: mwendo ukiwa mkubwa, kijiti kinageuza kidogo. Kwa hiyo michezo miwili yenye hesabu nzuri ya tairi inaweza kutofautiana kwenye maneti kwa sababu ya kichujio hicho tu. Maneti ya PS5 yamesaidia kiasi. Katika Gran Turismo 7 kitufe cha breki kinakuwa kizito na kutetemeka tairi zinapokaribia kukwama na kuteleza, na kidole kinapata habari ambayo zamani ilikuwa ya mguu.

Ukitaka kupima mwenyewe, acha magari ya mamilioni. Chukua gari dogo. Gran Turismo 7 inakuanzisha kwa kukuchagulisha Toyota Aqua, Honda Fit au Mazda Demio, ndugu wa hayo ya usukani wa kulia yanayopita kila siku mbele ya Posta. Zima kwanza msaada wa kutuliza gari, maana huo ndio unaoficha tabia halisi. Ingia kona ndefu ukiwa na mafuta, kisha ongeza usukani: gari la kuvutwa mbele linapaswa kutanuka kwenda nje. Sasa achia mafuta bila kugusa breki. Pua inapaswa kuingia ndani yenyewe, kwa sababu uzito umerudi mbele. Mchezo usiokupa tofauti kati ya hali hizo mbili hauhesabu uzito, hata uwe na mwanga gani. Jaribio jingine: kwenye njia iliyonyooka, weka magurudumu ya kushoto kwenye majani, ya kulia yabaki kwenye lami, kisha funga breki. Gari livutwe kuelekea lami, kwenye upande unaoshika.

Kwa mwenye PS4 anayenunua CD ya mkono wa pili, kuna la kujua kabla ya kulipa. Sehemu kubwa ya Gran Turismo 7 haifunguki bila intaneti, na megabaiti hapa zina bei. Assetto Corsa inakuacha ufanye mazoezi peke yako bila mtandao, na jaribio lile la kuachia mafuta katikati ya kona utalipata humo kamili.